Sista Asiyejua Kikurya

Kazini kwetu, ruhusa ya kukaa nyumbani kwa sababu unaumwa haiitwi ruhusa. Inaitwa ED. Ni herufi mbili za Kiingereza anazoandika daktari, na sisi kwa mazoea tunazitamka kwa mkupuo mmoja, idi, hadi mgeni akisikia anaweza kudhani tunazungumzia sikukuu. Kabla ya ugonjwa ule ED ilikuwa kitu cha kutaniana. Mvua zikinyesha na mahindi yakaanza kutaka palizi, migongo ya wauguzi wa hospitali yetu ilianza kuuma yote kwa pamoja, na aliyerudi kazini akiwa na malengelenge viganjani tulimuuliza kama dawa zilimkubali.

Kisha likaja lile wimbi kubwa, utani ukafa wenyewe. Kila asubuhi kwenye ripoti matroni alisimama mbele yetu na kusema nani hayupo: huyu ED, yule ED, na yule mwingine naye ED. Sisi tuliobaki tukawa tunatazamana kwa macho ya kuviziana. Mtu akipaliwa na chai anaapa mbele ya wote kwamba ni chai. Hakuna aliyejifanya mgonjwa msimu ule. Waliondoka wakijishikilia ukutani, kazi zao zikatuangukia sisi, na kazi zile zikatuangusha nasi haraka zaidi. Niliona wazi tunakokwenda, na sikuwa na la kufanya. Mimi ni mtu wa hasira, hilo halina ubishi, ila safari ile nilikosa hata wa kumkasirikia.

Wagonjwa wenye shida ya kupumua tuliwalaza kwenye jengo la nyuma, ambalo zamani lilikuwa la wenye kipindupindu. Ndugu hawakuruhusiwa kuingia. Kwa hospitali kama yetu hilo ni jambo zito, maana mgonjwa huku huogeshwa na ndugu, hulishwa na ndugu, hugeuzwa na ndugu. Nesi unatoa dawa, unachoma sindano, unapita. Sasa yote yakawa yetu. Upande wa wanaume tulikuwa na muuguzi mmoja wa kiume, Mjaluo mwenye mikono mikubwa na maneno mengi, aliyeniita shemeji kwa madai kwamba nimeolewa na watani zake. Wazee walimpenda. Aliwaogesha huku akiwasimulia habari za samaki, na hata mzee mkaidi alijikuta ameshavuliwa shati kabla hajakumbuka kukataa.

Siku alipopata ED nilimkuta ameketi kwenye ngazi, jasho linamtiririka.

"Shemeji, nakuachia wazee wangu," akaniambia. "Uwaogeshe vizuri, wasije wakasema Mjaluo alikuwa na mikono laini kukuzidi."

Nikamwambia aende zake akapige nyungu. Alicheka mpaka kikohozi kikamkamata, akaondoka. Jengo la nyuma likabaki na mimi peke yangu kwa shifti ya mchana, na mwenzangu mmoja wa usiku ambaye tulipishana mlangoni bila hata nguvu ya kusalimiana.

Jioni ya siku ileile ndipo alipoletwa baba mkwe wangu.

Hapa lazima nieleze kidogo. Mimi ni mzaliwa wa Kisaka, upande wa Serengeti, nikaolewa Genkuru, kwa Wakurya. Kingoreme chetu na Kikurya ni ndugu, kwa hiyo ukweni sikupata shida ya kusikilizana na watu. Nilichojifunza upya ni adabu yao, maana wameishika kuliko sisi. Mkamwana na baba wa mume wake hawashikani mikono. Hawaketi mkeka mmoja, hawapishani mlangoni, na mmoja kuuona mwili wa mwenzake ni jambo ambalo watu hawalitaji hata kwa mfano. Mzee alipokuja kwetu alisimama nje ya ua na kukohoa ili nijue amefika. Mimi nilipitia mlango wa nyuma, nikamwamkia shikamoo kutoka mbali nikiwa nimeinamisha macho, naye akaitikia marahaba huku anatazama ng'ombe. Watoto wangu wamekua wakidhani babu yao ananiogopa.

Na tulipendana, mtu asinielewe vibaya. Nilipojifungua mtoto wa kwanza alileta kibuyu cha maziwa, akakiweka juu ya jiwe karibu na jiko, akaondoka bila kusema neno. Mume wangu aliponisema vibaya mbele za watu siku moja, mzee alimwita kando, na sikujua walichoongea ila mume wangu alirudi na adabu ya wiki nzima. Anayeona hayo ni ushamba, na aone. Mimi najua mtu aliyenipenda miaka yote akiwa ng'ambo ya pili ya ua.

Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, ndiye aliyemleta, kwa gari la kukodi. Mlinzi alimzuia getini. Mimi nilitoka na kiti cha magurudumu nikiwa nimevaa kila kitu: gauni la kujikinga, kofia, miwani, barakoa mbili, glavu. Shemeji alinitazama usoni asinijue, akanikabidhi simu ndogo ya mzee na shuka. Mimi nilimjua mzee kwa kofia yake kabla sijaona uso. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi, na alivuta pumzi kwa mabega.

Niliweka oksijeni, kisha nikakimbia kwa matroni. Alikuwa wodi ya wazazi, anazalisha, kwa sababu na huko hakukuwa na mtu. Ni mama wa makamo, ana kisukari, na kwa haki yake angekuwa nyumbani kabla yetu sote.

"Huyu aliyeingia ni baba mkwe wangu," nikamwambia. "Siwezi kumshika. Naomba mtu mwingine."

"Nimtoe wapi? Nizae?"

"Matroni, unajua mila za huku."

"Nazijua." Alivua glavu, akanitazama vizuri. "Ukitaka nikuombee ED na wewe, nitakuombea sasa hivi. Ila kabla hujaondoka niambie nani ataingia kule."

Hakusema kwa ukali. Aliuliza kama mtu anayetaka kweli kuambiwa. Nilirudi nikilia ndani ya miwani. Machozi ya ndani ya miwani hayafutiki, unatembea nayo hivyo hivyo.

Nilipomsogelea mzee alinikazia macho. Akaniuliza kwa Kikurya kama mimi ni wa hapa. Mdomo wangu ulijibu kabla sijaushauri.

"Sielewi, baba. Mimi mgeni. Natokea Tanga."

Nilimwiga mwalimu wangu wa chuo, mtu wa Tanga aliyekuwa anavuta maneno kwa madaha. Tanga yenyewe sijawahi kufika. Mzee alishusha pumzi, kile kidogo alichoweza kushusha.

"Mgeni ni afadhali," akasema kwa Kiswahili chake cha mnadani. "Sikia, sista. Iko mke ya mtoto yangu, anafanya kazi hapa hapa. Usimwambie mimi niko. Asiingie. Asinione namna hii."

Nikasema sawa, baba.

Basi nikawa mtu wa Tanga. Nilimgeuza kulala kifudifudi, maana alipolala hivyo pumzi ilimjia vizuri, na kumgeuza mtu mzima ukiwa peke yako kunataka umkumbatie. Nilimkumbatia. Nilimlisha uji. Nilimwogesha nikitazama dirisha, mikono ikifanya kazi bila macho, na aibu ilinichoma mwili mzima kuliko joto la lile gauni. Mengine sitayasema, hayo ni yake. Nitasema tu kwamba mwanzo nilidhani nitashindwa, kisha nikaona kwamba mwili wa mtu anayetafuta pumzi hauna ukwe wowote, na hapo hapo nikajua siwezi kumwambia mtu yeyote Genkuru maneno hayo.

Kwa kuwa alidhani sisikii, alisema chochote kwa Kikurya. Aliwapangia kazi watoto wake ambao hawakuwapo. Aliwaita ng'ombe wake kwa majina na kuwagombeza. Nilipomgeuza kwa nguvu alinitukana, akasema mtu huyu wa Tanga ana vidole baridi kama miguu ya chura, na mimi nikacheka ndani ya barakoa mpaka nikaona bora nijifanye nakohoa. Siku nyingine alisema taratibu, akiuambia ukuta, kwamba anamwomba Mungu ugonjwa huu usimpate mkamwana wake, kwa kuwa wale watoto bado ni wadogo. Nilisimama pale na beseni mkononi. Kumjibu mkwe wako aliyekuombea ni jambo dogo tu, unasema asante baba, basi. Sikuweza kusema.

Kila siku alitaka kuongea na mama mkwe wangu. Mkono wake ulitetemeka, kwa hiyo mimi ndiye niliyemshikia simu sikioni.

"Wananitunza," alisema kwa Kikurya. "Yupo sista mmoja mgeni, wa Tanga. Ananishika kama baba yake aliyemzaa. Namtukana, hajui, anaendelea tu." Kisha akasikiliza. "Hapana, mkamwana hajaonekana. Vizuri. Msimlaumu, mimi ndiye sitaki aje."

Simu ikanitikisika mkononi. Akanigeukia na kuniuliza kwa Kiswahili kama nimechoka.

Mume wangu ni dereva wa lori. Siku hizo alikuwa amekwama Sirari kwenye foleni ya mpakani, wanasubiri kupimwa ndipo wavuke. Alinipigia kila alipopata chaji, na swali lilikuwa lile lile.

"Nani yuko na mzee?"

"Wauguzi wapo."

"Wanaume?"

"Wapo."

"Ashukuriwe Mungu," alisema, nikasikia anavyopumua kwa nafuu. Ningemwambia nini? Angejua, angelazimika kujua, na tangu siku hiyo asingeweza kuketi na baba yake bila kulikumbuka jambo hilo. Huko kwao likijulikana, wazee wangekaa kikao, wakatafuta namna ya kulisafisha, na katikati ya kikao angekuwa yeye mzee, ameinamisha kichwa kwa kosa ambalo hakulifanya. Nilitaka apone, arudi Genkuru, asimame nje ya ua wangu akohoe kama zamani. Nilichotaka ni hicho tu.

Na alianza kupata nafuu. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Alimaliza uji, akaomba wa pili. Kile kipimo cha kubana kidoleni kikaanza kuonyesha namba za kuridhisha, na mimi nikaanza kujidanganya kwa furaha kama mjinga.

Asubuhi moja nikaamka viungo vyote vinauma. Nilijikaza kisabuni, nikaenda. Getini walikuwa wanatupima joto, mlinzi akaangalia kile kipimo, akaniangalia mimi, akarudi nyuma hatua. Matroni akaitwa.

"Nenda nyumbani," akasema. "Daktari anakuandikia ED."

"Humo ndani wote wanaumwa ugonjwa huu huu. Nitamwambukiza nani?"

"Ukianguka humo nitakuwa na wagonjwa wawili, na muuguzi hakuna. Nenda."

"Na yeye?"

Wote wawili tulikuwa tunalijua jibu, na kulisema kusingeongeza mtu wodini.

Nilikuwa nakaa nyumba za watumishi, nyuma ya hospitali. Watoto nilikuwa nimewapeleka kwa mama yangu Kisaka tangu wimbi lilipoanza. Dirisha la chumba changu linatazama bati la lile jengo. Nililala naliangalia. Nilichemsha majani ya mwarobaini, nikajifunika blanketi na mvuke, nikakohoa, nikarudi kuangalia bati. Miaka yote nilikuwa nadhani ED ni kupumzika. Mtu aliyelazimishwa kulala wakati anayemhitaji yuko hatua chache tu kutoka kwake hapumziki hata kidogo. Nilimpigia matroni simu mpaka akaacha kupokea.

Kesho yake mchana alikuja mwenyewe, akasimama nje ya dirisha, barakoa usoni.

"Amekuulizia," akasema. "Nikamwambia yule sista yuko ED. Akaniuliza kama Idi imefika."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia ndiyo, imefika. Nilikuwa sina nguvu ya kueleza. Akasema alishangaa mtu wa Tanga anavyojua kushika watu, kumbe ni Mwislamu. Akasema nikwambie ule vizuri."

Nilicheka. Nilicheka kweli, nikiwa nimeshika mbavu zinazouma, na matroni akacheka pia, halafu akashika nondo za dirisha, nikajua kuna jambo.

Alikuwa ameingia kumgeuza mzee akiwa na mama mmoja wa usafi, maana hakukuwa na mwingine; hata yule mwenzangu wa usiku alikuwa ED. Mama yule ni wa Genkuru, ameolewa boma la jirani, naye kwa hesabu za kule ni mkamwana wa mzee. Mzee aliisikia sauti yake tu, akamjua. Akashika shuka kwa mikono miwili. Mama yule akatoka mbio amefunika uso, na matroni peke yake hakuweza kumgeuza mtu anayekataa kwa nguvu zake zote za mwisho. Alimbembeleza. Mzee alisema kwa Kiswahili, tena kwa heshima, kwamba haina haraka, atamngoja yule mgeni arudi kutoka sikukuu; hata mkewe alimwambia hivyo kwenye simu.

"Namba zimeshuka sana," matroni akasema.

Nikavaa viatu. Sikufika mlangoni. Miguu iliniishia kati ya kitanda na kiti, nikaketi sakafuni, na matroni akawa ananiangalia kupitia nondo za dirisha bila kuweza kuingia kuniinua. Nilimwambia amwambie ukweli. Nilimwambia, hapana, asimwambie. Nilimwambia amwambie mtu wa Tanga anakuja. Sijui alimwambia lipi kati ya hayo, na sijawahi kumuuliza.

Alifariki asubuhi iliyofuata, amelala chali.

Walimzika Genkuru siku hiyohiyo, watu wachache, haraka haraka. Mume wangu alipata lifti kutoka Sirari akafika udongo ukiwa umeshamwagwa. Mimi nilikuwa bado ED. Nilisikia nyimbo kwenye simu ambayo wifi yangu aliiacha wazi mfukoni, na zaidi nilisikia kitambaa kikisuguana na simu kuliko hizo nyimbo.

Nilipopata nguvu ya kusafiri nikaenda kuhani. Nilimkuta mama mkwe ameketi jikoni, nikaketi karibu naye, tukalia. Na yeye huyo tunashikana, tunakumbatiana, hakuna kizuizi. Mume wangu na mdogo wake walikuwa mlangoni. Baada ya muda shemeji akashindwa kuvumilia.

"Shemeji, sikulaumu," akaanza, na sauti yake ilikuwa ya kulaumu. "Kumshika usingeweza, tunajua. Lakini ulikuwa hapo hapo. Hata kusimama dirishani ukamwamkia? Mpaka mtu wa kutoka Tanga, asiyemjua hata kwa jina, ndiye amtunze?"

Mume wangu alitazama chini. Hakunitetea, na sikumlaumu, kwa sababu yeye naye alikuwa anajiuliza. Nilihisi maneno yamefika kooni yote kwa pamoja: uji, beseni, chura, simu niliyoshika kwa mikono hii. Ningefungua mdomo tu. Na mzee, ambaye sasa hawezi hata kukohoa nje ya ua wa mtu kuomba radhi, angekuwa ameonwa na mkamwana wake, na kijiji chote kingejua, na angebaki hivyo huko aliko.

Nikasema, "Nilikuwa ED."

"Mwacheni," mama mkwe akawakemea. "Mwenyewe mzee alisema asilaumiwe. Aibu ya mkwe si ya kuchezea. Alimheshimu mpaka mwisho, nyie mnataka nini zaidi?"

Kisha akainuka kwa taabu, akatoka nyuma ya nyumba, akarudi na kuku mtetea mweupe, mnono, amefungwa miguu kwa kamba ya katani. Akaniambia walikubaliana wote kumpa yule sista, na kwamba wangemchinja na kumpika kabisa ila wamekumbuka Waislamu hawali tulichochinja sisi, basi bora aende mzima, achinjwe na watu wake.

"Mwambie," akasema, "baba yenu alikufa akimsubiri. Mwambie hapa ni kwao, aje siku yoyote atuone."

Kuku alikuwa na joto, moyo wake unapiga haraka. Nilimpokea kwa mikono miwili, nikasema nitamfikishia.